Lile Yowe Langu Usilifute

Nyangeta, mama yangu,

Barua ya kistaarabu inaanzaga kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, maana nimekuona sasa hivi ukitoka na kapu, unaenda Kitaji kumuaga mama yako mdogo, halafu upitie Mwisenge ununue sukari. Hali yangu na wewe unaijua: goti, na mdomo. Kwa hiyo tumeshasalimiana.

Nimekaa huku uani karibu na banda la kuku, karatasi nimeiweka juu ya sinia, jua bado lipo. Mama yako yuko ndani anafunga begi lako. Akilifunga anakumbuka kitu, analifungua. Mambo ya sweta la Arusha, dagaa wa kukaanga, kanisa na wanaume, hayo ni idara yake, na ameyasema mpaka kuku wameyashika. Mimi siongezi hata neno. Langu ni moja tu, linahusu ile miwani, na ninaliandika kwa sababu tangu juzi nikifungua mdomo unaniangalia kwa macho ya bibi yako uliyepewa jina lake, basi nasahau nilichotaka kusema.

Mwandiko unisamehe. Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa anachapa vidole, ndiyo maana herufi zangu mpaka leo zinakaa kama zinakimbia fimbo. Na baada ya hilo la nne sikuona la tano.

Nianze mwanzo, ingawa na wewe ulikuwepo. Mtu wa umri wangu hawezi kuingia habari katikati, atavunjika.

Ulikuja nyumbani na sanduku jeusi. Mama yako akadhani ni mashine ya kupimia presha, akakunja mkono wa gauni akakaa tayari. Ukafungua, ikatoka miwani kubwa kama ya fundi wa kuchomelea, imezibwa pande zote, haina hata pa kuchungulia. Ukatutajia jina lake la shule, uhalisia pepe. Ukatuambia chuo cha Arusha kimekupa kazi, safari hii unahama kabisa, na kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kuna kiwanda cha samaki kinataka kuleta roboti, mkono wa chuma unaonyanyua kreti la sangara na kumkabidhi mtu aliyesimama mezani na kisu. Huo mkono haujafika. Kabla haujafika, ninyi mnautengeneza ndani ya miwani. Mtu anavaa, anauona uko mbele yake, anafanya nao kazi, na wewe kwenye kompyuta unaangalia anasimama wapi, anarudi nyuma lini, mkono wake unakuwa wapi wakati ule wa chuma unakuja. Ukishajua hayo ndiyo mtachora mstari wa njano sakafuni, na wafanyakazi watasimama nyuma yake. Mstari ukikaa mbali, kazi inachelewa na wenye kiwanda wananuna. Ukikaa karibu mno, kule hakuna miwani ya kuvua. Kule ni chuma.

Nikakuuliza, "Kwa nini usiwavalishe wanafunzi huko huko chuoni?"

"Nimeshawavalisha, baba. Wanajua kompyuta. Hawajawahi kubeba kreti la samaki."

"Kwa hiyo umekuja kutafuta wajinga."

"Nimekuja kutafuta watu wanaofanya kazi, baba."

Jibu likanipendeza, nikajitolea niwe wa kwanza. Mama yako akacheka peke yake. Anajua mimi na kazi hatujawahi kugombana, tunaheshimiana kwa mbali.

Na mimi nilijiona fundi, Nyangeta. Hilo ndilo kosa nililoanza nalo. Kule Butiama baba yangu alinifundisha kutembea na maksai. Maksai ana nguvu kuliko wewe na hana haja na maoni yako, lakini kabla hajageuka sikio linatangulia. Kabla hajapiga teke, ngozi ya paja inacheza. Ukishajua hivyo unaweza kulima naye huku unapiga mluzi. Baadaye nikaenda Bunda kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, nikakuta mashine nazo zina masikio yake. Mkanda kabla haujaruka ulikuwa unalia kidogo, kama paka aliyekanyagwa mkia kwa mbali. Nikasema kama nimeweza maksai na nimeweza mkanda, mkono wa ndani ya miwani utanifanya nini? Nikavaa miwani nikitafuta sikio.

Kwanza niliona ukumbi mweupe, safi kuliko kanisa siku ya askofu. Makochi yetu hayapo. Mama yako hayupo, nikimuita anajibu kutoka hewani. Nikajitazama mikono, nikakuta si yangu, ni ya mtu mwembamba asiyejua jembe. Nikasema basi, nimekufa, na mbinguni wananipa samaki nipange. Mkono wa chuma ukaja taratibu, ukanipa kreti, nikapokea, nikageuka, nikaweka. Ukanipa jingine. Mpole kama bibi harusi. Nikaanza kuupigia hadithi.

Hukuniambia kwamba kuna mahali umeupanga uje kwa kasi, tena upande mwingine, makusudi, ili uone mtu atafanya nini. Ukanijia kutoka kushoto. Hakuna sikio lililocheza, hakuna ngozi, hakuna kilichonong'ona. Nikapiga yowe.

Sasa hapo wenzako wa Arusha wakikuuliza, waeleze vizuri, maana huenda kwao yowe ni kelele tu. Kwetu yowe ni simu. Limepigwa, ng'ombe wameibwa au mtu anauawa, na mwanamume akilisikia akabaki amekaa, kesho ataeleza mbele za watu alikuwa anafanya nini. Makoko yetu hapa ni mjini, lakini watu wake wametoka huko huko tulikotoka sisi. Kabla hujanivua miwani, sebule yetu ilikuwa imejaa fimbo. Jirani yetu wa bondeni, yule mvuvi, alikuja na kasia. Mama Neema alikuja na kisu cha kuparua magamba, magamba yenyewe bado yanang'aa mkononi. Wakanikuta nimekaa chini, katikati ya kochi na kabati la televisheni, sijui niko dunia gani.

"Nani amekupiga, Baba Nyangeta?"

"Roboti."

"Amekimbilia wapi?"

Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini na wewe. Mimi sikucheka. Na hujawahi kuniuliza kwa nini.

Kwetu mtu hapigi yowe halafu akasema hakuna kitu, rudini mkalale. Ukishawatoa watu kazini kwao, unadaiwa maelezo. Wanakaa, wanapewa chai, na wewe unasema mwanzo mpaka mwisho: kilitoka wapi, kilikuja vipi, ulifanya nini. Asiyetoa maelezo, siku nyingine akipiga yowe atajiokoa mwenyewe. Kwa hiyo wewe ulipokuwa ndani unarekebisha nyaya zako, mimi nilikuwa uani kwenye benchi natoa maelezo. Nikawaambia wote. Ule mkono unaanza polepole, usidanganyike. Kreti za mwanzo ni za kukulaza usingizi. Halafu unakuja kutoka kushoto, hapa usawa wa bega. Ukijua hivyo hakuna kitu.

Ikawa kila mmoja anataka kuvaa. Wewe ukafurahi kweli, ukapanga nani aje lini. Na kila aliyekuja alipita kwanza kwenye benchi langu, maana birika liko kwangu. Mimi namwandaa. Watu wa Makoko wakawa wanafanya mazoezi, mama. Mama Neema alijigeuza roboti, anazungusha ndoo ya maji, wenzake wanasimama mbele yake wanajifunza kutopepesa macho. Walisema, mtoto wetu anafanyiwa mtihani na Arusha, tusimwangushe. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Walikupenda vibaya, basi.

Wakaingia mmoja mmoja, wakatoka wametulia kama watu wanaopigwa picha ya kitambulisho. Yule wa kasia alikwepa kabla mkono haujatokea! Nilikuona ukikunja uso mbele ya kompyuta, ukairudisha ile picha iliyorekodiwa, ukaitazama tena. Halafu ukaiacha. Ulikuwa na furaha, na furaha haipendi kuulizwa maswali. Jioni ukampelekea matokeo mkubwa wako wa chuoni, huyo unayemwita Dokta.

Sasa nikuambie kwa nini niliwaandaa, maana si umbea peke yake. Umbea upo, siukatai.

Nilipoingia kile kiwanda cha pamba Bunda, walikuja wageni, wakubwa wa tai. Siku hiyo sisi wapya tukapelekwa stoo kupanga magunia, tusionekane. Kwenye mkanda wakawekwa wazee waliouzoea, wanaojua ukilia hivi unarudi nyuma, ukilia vile unainama. Wageni wakaona watu na mashine wanacheza ngoma moja, wakasifia, wakanywa soda, wakaondoka. Hakuna aliyewaza kuweka hata ubao wa kukinga, wa nini? Wageni walipoondoka nikarudishwa kwenye mkanda mimi. Hakuna aliyeniambia kitu. Ukalia, na mimi nikadhani ndiyo sauti yake. Ukashika mkono wa shati langu. Wakanikata shati kwa kisu, nalo bovu likachanika upesi, mimi nikabaki, shati likaenda na pamba. Nikatoka pale kifua wazi, kiwanda kizima kinacheka, na wanawake wa getini wanasema kumbe ni mwembamba hivi.

Nikaona aibu, Nyangeta. Nikakaa nyumbani najifanya naumwa, kumbe naogopa kuchekwa. Na nilikuwa ndiye mtu pekee aliyejua kwa mwili wake kwamba ule mkanda unakamata. Nilipokuwa nimejifunika blanketi, wakaweka mpya mwingine mahali pangu. Ni Masatu, huyu rafiki yangu aliyebaki Bunda. Yeye hakuwa na bahati ya shati bovu. Unauona ule mkono wake akija kututembelea, anavyoshika kikombe kwa mbali kama anamnywesha mtu mwingine? Kiwiko hakijakunjika tangu siku hiyo. Mwenyewe anatania kwamba mkono umenyooka kwa sababu yeye ni mtu mnyoofu. Mimi nacheka naye, tumecheka miaka yote. Lakini toka wakati ule nikaapa kwamba hakuna mgeni atakayesimama karibu na kitu chenye nguvu nikiwepo bila mimi kumwambia. Na nimewaambia wengi. Baadhi walinuna, walitaka kujionea wenyewe. Nikawaambia hata hivyo.

Kwa hiyo ulichokikuta kwenye benchi langu kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyojifunza maishani, na ndicho kilichoharibu kazi yako. Ndilo linalonitatiza mpaka leo. Ningekuharibia kwa ujinga, ningejua pa kujitetea.

Halafu akaja shangazi yako Wakuru kutoka Butiama. Alikuja kukuaga, kuku mkononi, ndizi kichwani. Bodaboda ikamshusha mlango wa mbele, kwa hiyo hakupita uani, hakuniona mimi wala birika. Ukamwambia, "Shangazi, hebu vaa na wewe kidogo." Akavaa, miwani juu ya kilemba. Akapanga samaki wake wa hewani vizuri tu, anaimba. Mkono ulipomjia kutoka kushoto hakupiga yowe. Hakurudi nyuma. Alikwenda mbele! Alinyoosha mikono yote miwili, kama anazuia ndama asitoke zizini, akaufuata ule mkono mpaka kwenye meza yetu ya sebuleni, akaanguka nayo, akaumia kiwiko.

Alipokwisha kukandwa kile kiwiko, ukakaa kwenye kompyuta ukarudisha picha yake. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Niliona ule mkono wa chuma unavyopita, na mikono ya dada yangu ilipokuwa. Inakutana mahali pamoja. Wewe ukageuka.

"Shangazi, wenzako wote walisimama kimya. Wewe hukuambiwa?"

"Niambiwe nini na nani?"

"Wengine waliambiwa?"

"Wengine si wamepitia kwa kaka yangu? Mtu akipitia kwa kaka yangu anaambiwa mpaka yasiyokuwepo."

Ukaniangalia. Nikakuambia yote, benchi, ndoo, Mama Neema, kasia. Nilidhani utapiga kelele. Hukupiga. Ulisema kwa sauti ndogo, "Baba, kiwandani mgeni wa kwanza hatakukuta mlangoni na birika."

Hiyo imekaa hapa kifuani toka uliposema. Mimi na kula chumvi kwangu kote, sikuwahi kuwaza kwamba siku moja nitakuwa sipo pa kusema.

Na jioni ile ile Dokta akapiga. Ulikuwa unaosha vyombo, ukaweka simu juu ya ndoo, spika wazi, kwa hiyo usiseme nilichungulia. Alikuwa na furaha. "Nyangeta, matokeo ni mazuri sana, watu hawaogopi kabisa! Mstari tunaweza kuusogeza karibu. Wenye kiwanda wanakuja wiki ijayo, utawaonesha wewe mwenyewe." Ukamjibu "Asante, Dokta," na sufuria mkononi, maji yanadondoka.

Hapo ndipo nilipokupa ule ushauri. Nilikuambia, "Mtoe shangazi yako, ana kizunguzungu. Na mimi nitoe, mzee wa presha. Waliobaki ni wazuri. Nani atajua?" Ukasema utafikiria. Ukaingia ndani, na tangu hapo humu nyumbani unasema na mama yako na kuku.

Barua yote hii, mama, ni ili nichukue maneno yale nirudi nayo. Usinisikilize. Sina hata hiyo presha, mashine ya kliniki ya juzi ilinisifu. Ukweli ni kwamba niliwaza wale wakubwa wa kiwanda wamekaa kwenye viti vya kuzunguka, wewe umevaa vizuri, halafu kwenye ukuta ninatokea mimi, mdomo wazi, napiga yowe na kuanguka kati ya kochi na televisheni. Niliona kifua wazi tena, na wanawake wa getini. Nilitaka kukaa chini ya blanketi mara ya pili, na safari hii nikuvute na wewe uingie.

Kwa hiyo kesho ukifika, niweke. Weka na yowe lenyewe. Wakicheka, wacha wacheke, nachekesha, najua. Wakimaliza kucheka, waoneshe shangazi yako na ile mikono yake. Waambie watu wa Makoko walisimama kimya kwa sababu walikuwa wameambiwa, na aliyewaambia ndiye huyo mzee mwenye mdomo wazi. Waambie mstari hawawezi kuuchora bado. Najua unaogopa nini. Kazi ndiyo kwanza unaianza, hujakalia hata kiti chake, na neno lako la kwanza kwa wakubwa liwe kwamba ulichowapelekea ni kibovu. Wanaweza kukuambia rudi nyumbani. Inawezekana. Kitanda chako kipo, mama yako ameshakipangia kuku wa kutamia lakini tutawatoa. Ila sidhani. Mtu anayeweza kumvalisha Wakuru miwani juu ya kilemba hashindwi na wakubwa wa kiwanda. Mimi ningekuwa wao ningekuogopa.

Na usiseme kwa kulia. Sema…

Nimesimama hapo kidogo, maana umerudi. Umeniuliza naandika nini, nikasema wosia. Ukaniuliza nimebakiza nini cha kurithisha, nikasema goti. Ukavuta kigoda ukakaa, kapu mapajani. Nayaandika uliyoyasema ili huko mbele usije ukayabadilisha.

"Baba, Dokta amenipigia nikiwa dukani Mwisenge."

"Anasemaje?"

"Ameniuliza kama najua wenye kiwanda wameshapanga safari."

"Kwani wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia juzi ile ile. Nilipomaliza vyombo. Nilimwandikia kwamba ya Makoko yote yameharibika, nayatupa. Akakaa kimya mpaka leo."

Juzi ile ile! Mimi nimezunguka na maneno haya tumboni kama mtu aliyekula samaki kamongo mbichi, na wewe ulikuwa umeshamaliza.

"Amekasirika?"

"Amekasirika, ndiyo. Amesema atakayewaeleza wenye kiwanda ni mimi, yeye hatanisemea. Nikamwambia sawa. Waje, nitawaonesha watu wawili."

"Wawili gani?"

"Wewe na shangazi."

"Na yowe?"

"Na yowe, baba. Lina sauti nzuri."

"Hukuniomba ruhusa."

"Ndiyo naomba sasa."

"Na nikikataa?"

Ukainuka ukapeleka sukari jikoni. Kwenye mlango ukageuka ukasema jambo la mwisho: kwamba Dokta amekubali uanze upya, lakini mahali pengine, kwa watu wanaojua mashine, na wewe umechagua Bunda. Umeshampigia Masatu awatafute. Na mimi, ukasema, kipindi hicho chote nisikanyage Bunda, nisipige simu Bunda, nisimtume mtu Bunda. Nikasema nimekubali. Ukasema, "Baba." Nikasema nimekubali kweli.

Sasa barua imebaki haina kazi. Nilikuwa nakuandikia uwe na moyo, na wewe ulikuwa nao kwenye foleni ya sukari. Nilitaka niichane, lakini nimehangaika nayo na kuku wamenichafulia ukurasa mmoja, kwa hiyo utaibeba hivyo hivyo. Utaisoma basi likishatoka stendi ya Bweri, siyo kabla.

Naongeza hili moja kwa sababu limetokea sasa hivi, wewe uko ndani unacheka na mama yako.

Masatu amepiga.

"Baba Nyangeta! Mtoto amenipigia, anataka watu wa huku tukavae ile miwani. Na mimi mwenyewe nitavaa. Sasa wewe uliyevaa, hebu niambie, mle ndani kuna nini? Nisije nikaaibika mbele ya mtoto."

Nikanyamaza.

"Haloo? Umekufa?"

"Nipo."

"Si useme basi."

"Utaona."

"Nitaona nini?"

"Utaona, Masatu."

"Yaani wewe, wewe unayesimuliaga mpaka ndoto za jirani, leo ndiyo umejifunza siri?" Akanitukana kwa lugha ya nyumbani, tusi la kale, zuri, sijalisikia tangu tukiwa vijana. Akakata.

Ni mtu yule yule, Nyangeta. Amesimama tena karibu na kitu chenye nguvu, ananiuliza, na mimi najua kitatoka kushoto, usawa wa bega. Maneno yalijaa mdomoni mpaka meno yakauma. Nimekaa na simu mkononi na sikumpigia tena.

Nenda kafanye kazi.

Ni mimi baba yako, niliyenyamaza.